Kurudisha Datsun 240Z Jinsi Ilivyotoka Kiwandani: Mwongozo Kamili

Datsun 240Z nyingi zinazong'aa kwenye maonyesho siku hizi hazifanani na 240Z yoyote iliyowahi kutoka kiwanda cha Nissan Shatai kule Hiratsuka, Japani. Rangi imewekewa kliya nene (tabaka angavu la juu), boliti zimepigwa kromu, magurudumu yamepanuliwa na ekzosi inanguruma. Ni magari mazuri, na mwenye mali ana haki ya kuifanya atakavyo. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kitu kingine: gari ambalo mfanyakazi wa kiwandani wa mwaka 1971 angefungua bonneti yake asione cha kushangaa.

Kazi hii inaanza kwa upelelezi. Gari lenyewe ndilo shahidi wako mkuu, na ushahidi wake hufutika upesi: unapoosha, unapopiga mchanga, unapotupa kipande kilichovunjika ukidhani utapata kingine. Ndiyo maana karibu kila hatua hapa chini inaanza kwa kutazama na kuandika, kabla spana haijashikwa.

Ijue gari uliyonayo

240Z ilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1969 hadi 1973, zaidi ya magari 150,000, na katika muda huo haikukaa bila kubadilishwa. Kusema "kama ilivyotoka kiwandani" hakuna maana mpaka useme ilitoka mwezi gani. Gari la mwanzoni mwa 1970 lina matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma, chini ya kioo, na nembo ya "240Z" kwenye nguzo ya nyuma ya paa. La baadaye halina matundu yale. Hewa inatokea kwenye nguzo, palipofunikwa kwa nembo ya mviringo yenye herufi Z. Nyaya za kuondoa ukungu kwenye kioo cha nyuma zilikuwa wima, baadaye zikalazwa. Silinda hedi ya kwanza ina alama E31, iliyofuata E88. Hata difu ilisogezwa nyuma kidogo mwaka 1971 ili shafti za magurudumu zisikae kwa pembe kali. Mtu akichanganya vipande vya mwaka huu na ule, gari litaenda vizuri tu, ila litakuwa gari ambalo halikuwahi kuwepo.

Anza na herufi za namba ya chesisi. HLS30 ni gari la usukani wa kushoto, HS30 la usukani wa kulia, yote yakiwa na injini ya L24 ya sentimita za ujazo 2393. S30 peke yake ni Fairlady Z ya soko la Japani yenye injini ndogo ya lita mbili. PS30 ni Z432, gari adimu lenye injini tofauti kabisa. Ukikuta PS30 kwenye banda la mtu, funga mdomo, lipa, ondoka nalo.

Namba ya chesisi imegongwa kwenye bati linalotenganisha injini na dereva. Kibao cha utambulisho kimerivetiwa ndani ya chumba cha injini, na kinataja namba ya chesisi na ya injini. Namba ya injini yenyewe imegongwa kwenye bloku, upande wa kulia kwa nyuma, karibu na plagi ya silinda ya sita. Pasafishe kwa kitambaa na mafuta ya taa, usiguse kwa brashi ya waya wala grinda, kisha upige picha. Namba zikioana na kibao, bloku hilo halitupwi hata likiwa na ufa. Zisipooana, tafuta bloku la kipindi kilekile na uandike wazi kwamba limebadilishwa. Kugonga namba upya ili zioane ni kughushi, hata kama anayefanya hivyo anakuita rafiki.

Magari yaliyouzwa Marekani yana pia kibao cha mwezi wa kutengenezwa kwenye fremu ya mlango. Kwa mengine, tazama vitambulisho vilivyoshonwa kwenye mikanda ya usalama. Mara nyingi tarehe bado inasomeka, nayo hutangulia tarehe ya gari kwa muda mfupi.

Kabla ya kununua

Mitambo ya 240Z ni migumu kufa. Kinachoua gari hili ni kutu. Peleka tochi, sumaku iliyofungwa kitambaa na bisibisi butu, ulale chini.

Tazama kwanza kikalio cha betri, upande wa kulia wa chumba cha injini. Asidi ikivuja pale inateremka kwenye reli ya chesisi, na shimo unaloliona juu huwa ni dogo kuliko lililo chini. Fuata reli hizo chini ya sakafu mpaka zinapoishia chini ya viti. Gusa vizingiti vya chini ya milango, kisha kona ya nyuma ya mlango pale bodi inapopinda kuelekea gurudumu. Hapo ndipo puti hupigwa nene. Fungua mlango wa nyuma, inua kapeti, tazama shimo la gurudumu la akiba. Mwisho tazama nyuma ya fenda za mbele, kwenye pembe ya chini, ambako tope hukaa miaka na miaka. Fenda zimefungwa kwa boliti, kwa hiyo muuzaji mkweli hatakataa umsaidie kulegeza moja.

Kati ya gari lililo kamili lakini chakavu na lingine lenye rangi mpya lakini limepungukiwa vitu vidogo, chukua chakavu. Injini utaipata. Kifuniko cha kasha la zana nyuma ya kiti, klipu za plastiki, kipini cha choki, fremu ya kioo cha pembeni: hivyo ndivyo vitakavyokuzungusha.

Jihadhari pia na gari lililowahi kugeuzwa. 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, na sifa hizo ziliwafanya wengi wachane bodi ili wafunge taa za ziada, vyuma vya kinga na fenda pana. Tundu la taa linazibika. Bodi iliyokatwa fenda za nyuma ili matairi mapana yaingie ni habari nyingine.

Amua mapema utafika wapi. Kama rangi ya kiwandani bado imeshika sehemu kubwa ya gari, hata ikiwa imefifia, usiivue. Safisha, tengeneza palipooza, acha mengine. Gari hukaa katika hali ya kiwandani mara moja tu. Baada ya hapo unafanya nakala, hata ikiwa nakala bora.

Kufungua

Piga picha kabla, wakati na baada ya kufungua kila kitu. Picha ya mbali ionyeshe kipande kilipo, ya karibu ionyeshe washa zimepangana vipi, na nyingine ionyeshe rangi au alama za kalamu ulizozikuta. Mafundi wa kiwandani waliweka alama za rangi kwenye boliti na springi walizokwisha kuzikagua. Zikitokea chini ya grisi ziandike, maana baadaye utazirudisha.

Kila kundi la boliti liingie kwenye mfuko wake, pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka ukiguswa na oili. Usitupe chochote. Gasketi iliyochanika ni kielelezo cha umbo, bomba la mpira lililopasuka lina chapa ya mtengenezaji, na kapeti iliyooza inakuonyesha mshono ulivyopita. Vitu hivyo vitoke gereji siku gari litakapokuwa barabarani.

Gari likae kwenye stendi za chuma juu ya sakafu ngumu, kamwe lisikae kwenye jeki peke yake. Ondoa betri na petroli mapema. Vumbi la breki na klachi za zamani huwa na asbesto: lilowanishe kwa maji, lifute kwa kitambaa, na usilipulize kwa kompresa.

Sehemu itakayokutoa jasho ni nyuma. Kila mkono wa chini wa gurudumu la nyuma umeshikwa na pini moja ndefu inayopita kwenye bushi mbili na kwenye mguu wa gurudumu, ikafungwa katikati kwa kipini kidogo cha kabari. Baada ya nusu karne pini hiyo imegandana na chuma kilichoizunguka. Wengi huitwanga kwa nyundo mpaka nyuzi zinavimba, na hapo haitoki tena upande wowote. Toa kwanza kipini cha kabari, loweka kwa mafuta ya kupenya kwa siku kadhaa, pasha moto mguu wenyewe (siyo pini), kisha uivute kwa kifaa cha kuvutia kilichofungwa kwenye nyuzi. Ikikataa kabisa, kata pini pande zote mbili za mguu, tenganisha mkono, halafu upeleke mguu kwenye presi. Pini mpya zinapatikana. Mguu uliopasuka kwa nyundo ni taabu ya kutafuta.

Bodi

Gari hili halina chesisi ya pekee. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Ukikata kizingiti wakati milango imeondolewa, gari hulegea katikati na hutaliona likilegea. Utaona miezi baadaye, mlango ukikataa kufunga. Kwa hiyo kabla ya kukata, hakikisha milango imekaa sawa na nafasi zake ni za kuridhisha, pima mlalo wa kona hadi kona kwenye kila uwazi wa mlango, andika, kisha chomelea vyuma vya kushikilia ndani ya uwazi huo. Fanya upande mmoja, umalize, ndipo uhamie wa pili.

Kutoa rangi kwa kupiga mchanga kunafaa kwa mikono ya gurudumu na reli nene. Kwenye bonneti, paa na ngozi ya mlango, joto na kishindo hulikunja bati, na ukishakunja paa la 240Z hulinyooshi kirahisi. Huko tumia dawa ya kubandua rangi na msasa. Mchanga pia huingia kwenye vizingiti na kutokea miaka ya mbele, ndani ya beringi zako.

Kata kutu mpaka ufike bati safi, siyo zaidi. Kipande cha kiwandani kilicho kizima kina thamani kuliko paneli mpya ambayo mkunjo wake si uleule. Paneli zimeshikana kwa nukta za kuchomelea, kwa hiyo toboa kila nukta kwa keketa yake, ondoa bati bovu, na unaporudisha jipya uhesabu nukta zilikuwa ngapi na zilipishana kwa umbali gani. Mashine ya nukta ndiyo bora. Ukitumia mashine ya waya, jaza tundu kisha usage juu mpaka libaki duara dogo linalofanana na nukta. Usichomelee karibu na kitu kilichosafishwa kwa dawa ya breki yenye klorini. Mvuke wake ukikutana na joto hilo hugeuka gesi ya sumu inayoweza kuua.

Nati za kusawazisha fenda, milango na bonneti (ambayo kwa gari hili inafunguka kuelekea mbele) zifungwe na gari likae na vioo na mipira ya milango kabla rangi haijafikiriwa. Mpira mpya husukuma mlango nje. Ukishapaka rangi ndipo ugundue hilo, utakuwa unanyoosha bati lililopakwa.

Dawa ya kuziba maungio iliwekwa kwa mkono, kwa brashi, na haikuwa nadhifu. Irudishe kama ulivyoikuta kwenye picha, na mikwaruzo yake ya brashi. Ukiilainisha kwa kidole ikawa kama krimu ya keki, mjuzi ataiona akiwa mita tatu. Ndani ya vizingiti, ambako jicho halifiki, puliza nta ya kuzuia kutu kwa ukarimu. Kiwanda hakikufanya hivyo, na ndiyo sababu unasoma mwongozo huu.

Rangi

Usiamini rangi ya nje, wala neno la mwenye gari wa awali. Toa paneli ya ndani ya plastiki karibu na mlango wa nyuma au ondoa sahani ya taa ya nyuma; chini yake kuna rangi ambayo haijaona jua. Ing'arishe kidogo kwa nta na uipeleke kwa mchanganyaji pamoja na namba yake kama inajulikana: 918 ni ile ya chungwa, 904 nyeupe, 907 ya kijani, 920 ni dhahabu iliyopewa jina la Safari. Kadi ya rangi ya kompyuta ikipingana na bati lako, fuata bati.

Kiwandani gari lilipakwa enameli iliyookwa, bila kliya juu. Kwa hiyo tafuta rangi ya tabaka moja. Ipulize ibaki na vinundu vidogo kama vya ganda la chungwa, usiisugue mpaka iwe kioo. Mafundi rangi wengi watabishana nawe hapa, kwa sababu wamezoea kusifiwa kwa kung'aa. Mpe fundi kipande cha rangi ya zamani akione mwenyewe. Chumba cha injini na chini ya bonneti ni rangi ya gari, na huko ndani kiwanda kilipuliza kwa haraka zaidi kuliko nje.

Rangi za kisasa zenye kigumishi cha isosianeti hudhuru mapafu kwa namna isiyorudi nyuma. Barakoa ya vumbi haisaidii. Tumia kofia yenye hewa safi ya bomba, au mpe kazi mwenye chumba cha kupulizia.

Injini

L24 ina silinda sita zilizopangwa mstari, kamshafti moja juu, bloku la chuma cha kusubu na silinda hedi ya aluminiamu. Kabla ya kuifungua pima mgandamizo wa kila silinda, uandike. Huenda ukakuta inahitaji sili, gasketi na kusafishwa tu. Kuikereza injini nzima kwa sababu gari limepakwa rangi mpya ni kupunguza chuma bure.

Kama unaondoa silinda hedi bila kufungua kifuniko cha mbele, tengeneza kwanza kabari ya mbao ngumu na uipenyeze katikati ya cheni ya taimingi kabla ya kutoa sproketi. Pasipo kabari, kikaza cheni kinachomoka mahali pake, na kazi ya saa tatu inakuwa ya kufungua mbele yote. Weka alama kwenye cheni na sproketi. Boliti za hedi ni 14, zenye vichwa vya pembe sita za ndani. Safisha vichwa kabla ya kuingiza ufunguo, vinginevyo zitazunguka bure.

Mpe fundi wa kukereza bloku, krenkshafti na hedi pamoja. Mwambie asipunguze uso wa hedi zaidi ya lazima, kwa sababu kamshafti iko juu: ukiishusha hedi, cheni inalegea na taimingi inachelewa. Roka na nundu za kamshafti zitazamwe kwa kukuza. Roka zikae kwenye nundu zilezile zilizokuwa nazo. Kamshafti mpya inadai roka mpya au zilizosawazishwa. Wakati wa kuunganisha, paka wino kwenye uso wa roka, zungusha injini kwa mkono, na uone alama ya msuguano imekaa katikati ya uso. Ikikimbilia ukingoni, badilisha kikombe kidogo cha juu ya valvu kwa chenye unene mwingine.

Shafti inayoendesha pampu ya oili na distributa hupotosha wengi. Silinda ya kwanza ikiwa juu kabisa kwenye mgandamizo, ulimi wa shafti ile ukitazamwa kutoka juu uelekee kama mikono ya saa inayoonyesha 11:25, upande mdogo ukiwa mbele. Ukikosea jino moja, distributa itaishia mwisho wa nafasi yake na taimingi haitafika.

Valvu zikiwa baridi ziachie milimita 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutoa. Zikiwa moto, 0.25 na 0.30. Plagi ni milimita 0.8 hadi 0.9, pointi 0.45 hadi 0.55. Mpangilio wa kuwasha ni 1-5-3-6-2-4, na distributa inazunguka kinyume cha saa.

Bloku lilipakwa rangi ya buluu. Hedi, manifoldi ya kuingiza hewa na kifuniko cha valvu vibaki aluminiamu isiyopakwa. Usiving'arishe kwa mashine mpaka viwe kioo. Kiwandani vilikuwa na uso wa kusubiwa, wa kijivu na wenye vinyweleo.

Kabureta na petroli

Magari hadi 1972 yana kabureta mbili za Hitachi zenye vichwa vya mviringo, zilizojengwa kwa mfumo wa SU. Za Marekani za 1973 zina vichwa bapa, zilizofungwa kwa ajili ya sheria za moshi, na wengi walizitupa. Kama gari lako ni la 1973 na bado linazo, zitunze hata ukiamua kuendesha kwa za mviringo.

Kwenye kabureta za mviringo kinachochakaa zaidi ni shafti ya kipepeo: hewa inaingia pembeni yake na hakuna tyuni itakayoshika. Irekebishwe kwa bushi kabla ya kugusa skrubu yoyote. Pistoni ya kila kabureta iteremke yenyewe na kugota kwa sauti ya chuma. Isipofanya hivyo, sindano inagusa nozeli. Tia oili ya SAE 20 kwenye kizuizi cha juu. Shusha nozeli mizunguko miwili na nusu kutoka juu kama mahali pa kuanzia. Tenganisha fimbo inayounganisha kabureta mbili, sawazisha uvutaji wa hewa kwa kipimo au kwa sikio na mpira mrefu, ndipo uziunganishe tena na kushughulikia mchanganyiko.

Tangi la lita 60 litolewe na kusafishwa hata kama petroli inaonekana safi. Mipira yote ya petroli iwe mipya, ya aina inayovumilia ethanoli. Mipira ya zamani huvimba na kupasuka kwa petroli ya siku hizi, na kabureta za gari hili zimekaa juu ya manifoldi ya moshi.

Zinki, siyo rangi nyeusi

Hiki ndicho kipengele ambacho mafundi wengi hukiruka, nacho ndicho humtofautisha anayejua. Boliti, mabano, vibano na buster ya breki za 240Z vilitoka na zinki yenye rangi ya dhahabu-kijani inayobadilika mwanga ukigusa; baadhi vilikuwa na zinki nyeupe. Kupaka vyote rangi nyeusi ya kopo ni haraka na ni kosa. Safisha vipande, panga kwa aina ya zinki kulingana na picha, hesabu, piga picha ya meza nzima, ndipo upeleke kuchovywa. Karakana za kuchovya hupoteza vipande vidogo. Orodha yenye picha humaliza mabishano.

Boliti zenye ugumu mkubwa, hasa za mikono na breki, zinaweza kuwa tete baada ya kuchovywa kwa asidi. Mwambie fundi azioke mara baada ya kuchovya, au nunua mpya za daraja lilelile. Vichwa vya boliti za asili vina alama zake, kwa hiyo usichanganye na za duka ambazo hazina alama yoyote.

Breki, miguu na matairi

Mbele kuna diski, nyuma kuna ngoma za aluminiamu zenye mapezi. Ngoma zikiwa zimezidi kipimo kilichoandikwa, zibadilishwe. Silinda za magurudumu, mipira ya breki na silinda kuu viwe vipya bila majadiliano. Mabomba ya chuma yakunjwe kwa kufuata la zamani.

Shokapu zimo ndani ya strati, na springi imebanwa juu yake. Usilegeze nati ya juu kabla ya kuibana springi kwa vifaa viwili vya kubania vilivyokaa sawa. Gari likae kwa kimo chake. Bushi ngumu za poliuretani zinasifiwa, lakini za kiwandani zilikuwa mpira, na ulaini ule ni sehemu ya namna gari hili linavyotembea.

Magurudumu ya chuma ya inchi 14 na tairi za 175 yataonekana membamba. Ndivyo yalivyokuwa. Tairi lolote lililozidi miaka kumi ni la kuonyesha tu, hata kama lina chapa sahihi na meno yake hayajaisha.

Umeme

Mkondo wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya usukani, na mkondo wa taa ndogo unapita kwenye boksi la fyuzi ambalo huyeyuka pale pale kila mara. Fungua boksi, safisha migusano, badilisha rivet zilizolegea. Wayaringi ya asili ikiwa haijakatwa, ioshe, kagua kila kiungo, funga upya kwa mkanda usio na gundi kama wa kiwandani. Hapa nakubali kukiuka uasili: rilei mbili za taa, zilizofichwa na kuchomekwa bila kukata waya hata mmoja, zinaiokoa swichi, na zinatoka kwa dakika chache.

Ndani

Dashibodi ni povu lililofunikwa kwa vinaili, na jua huipasua karibu kila mahali. Kifuniko cha plastiki cha kubandika juu kinaficha nyufa na kuharibu mistari. Afadhali kuchimba ufa, kuujaza na kuufunika upya, au kuishi nao. Vinaili yenye mraba wa almasi juu ya handaki la giaboksi na kwenye minara ya nyuma ina ukubwa wake maalumu wa mraba. Pima wa zamani kabla ya kuagiza.

Malalamiko ya kale kuhusu 240Z ni harufu ya moshi ndani. Moshi haupiti sakafuni. Unavutwa na hewa inayozunguka nyuma ya gari, ukapenya kwenye mpira wa mlango wa nyuma na gasketi za taa. Weka vyote vipya, ziba matundu ya nyaya nyuma ya taa, na hakikisha mlango unabana pande zote kwa karatasi: ikichomoka bila kukamatwa, hapo panavuja.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Jaza oili yenye zinki ya kutosha kwa kamshafti ya msuguano. Toa plagi, zungusha kwa stata mpaka geji ya oili ipande, rudisha plagi. Kama kamshafti na roka ni mpya, injini ikishika ipandishe hadi mizunguko 2000 kwa dakika na uishikilie kwa dakika 20, ukibadilisha kidogo juu na chini. Usiiache iungurume taratibu ili "isikie raha". Kwa mzunguko mdogo nundu hazipati oili ya kutosha. Mtu mwingine asimame na kizima moto akitazama mipira ya petroli.

Endesha karibu na nyumbani kwanza. Ikipoa, pima valvu tena, kaza nati za magurudumu, za miguu na za manifoldi, tazama uvujaji, badilisha oili na chujio. Katika kilomita za mwanzo sikiliza difu na beringi za nyuma huku redio imezimwa. Picha, orodha za kuchovya, risiti na vipande vya zamani vyenye namba viingie kwenye sanduku moja lenye namba ya chesisi juu yake, na sanduku hilo liende na gari siku litakapouzwa.